Ludwig Supraphonic LM400: snea inayokera ikiwa peke yake

Nilipofungua boksi la snea hii, ngoma ya dramu yenye nyaya zilizotandazwa chini ya ngozi ya chini, nilinuna. Picha za muuzaji zilionyesha ngoma inayong'aa kama sufuria mpya. Iliyofika ilikuwa na vipele vya kromu kwenye ukingo wa chini, na nyaya zake zilikuwa za bei chee, mbili zimepinda. Na aliapa kwamba kila kitu ni cha kiwandani! Nyaya nilizibadilisha siku hiyohiyo. Vipele nimeviacha. Kromu haishiki vizuri kwenye alumini, Supraphonic nyingi za umri huu zinavyo, na sauti haidhuriki.

Yangu ina upana wa inchi 14 na kina cha 5, skrubu za kukaza ngozi kumi juu na kumi chini, beji ya bluu na kijani cha zeituni, ya miaka ya 1970, kampuni ya Ludwig ikiwa bado Chicago.

Sasa sauti. Ukiipiga peke yake inakera. Kila pigo linaacha mlio mrefu nyuma yake, kama mtu kagonga sinia. Siku ya kwanza studio nilikimbilia tepu na karatasi ya chooni kuuzima, tukarekodi hivyo. Kwenye spika ikasikika kama kadibodi, na besi na magitaa mawili yalipoingia, snea ikapotea kabisa. Nikabandua tepu, tukarudia. Ule mlio ulionikera ukamezwa na magitaa, likabaki pigo lenyewe, kavu, limeshiba, na mchakacho wa nyaya ukasikika hata mpigaji alipogusa ngozi kwa ncha tu ya kijiti. Ikwalaiza, ile ya kurekebisha sauti, sikuigusa.

Halafu haichagui mkazo. Snea zangu za mbao kila moja ina mahali pamoja inapoimba. Ukizidisha inakabwa, ukipunguza inakoroma. Hii nimeilegeza kwa wimbo wa polepole mpaka ngozi ya juu ikakaribia kukunjamana, na jioni yake nikaikaza mpaka mkono ukauma. Kote ilikubali.

Kilichoniudhi ni kile kidude cha kupunguza mlio kilichofungwa ndani ya mzinga, yaani mwili wa ngoma: unazungusha kitufe nje, kipande cha felti kinaisukuma ngozi kutoka chini. Chuma chake kinatetemeka, na maikrofoni haifichiwi kitu. Nilikifungua. Kiko ndani ya soksi, kwenye begi la vijiti.

Kama unaitaka kwa sababu ya John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, yeye alipiga LM402, yenye kina cha inchi 6.5. Hii ya 5 haina kishindo kile.

Na mfuko ukibana, tafuta Acrolite, ndugu yake aliyetengenezewa wanafunzi: mzinga wa alumini vilevile, bila kromu, skrubu nane. Niliziweka kwa zamu chini ya maikrofoni ileile, nikageukia ukuta huku mpiga dramu akizibadilisha. Mara sita nilizojaribu kubahatisha ipi ni ipi, nilipatia tatu.