Mkanda Mwekundu wa Stardom: Ubingwa Unaostahili Kulipiwa

Mieleka ya wanawake nchini Japani ina mikanda mingi, lakini kwa mtu anayetaka kulipia matangazo ya shirika moja tu na kuona kiwango cha juu cha mchezo huo, ninapendekeza bila kusita ubingwa wa World of Stardom, mkubwa kuliko yote katika shirika la mieleka ya wanawake la Stardom, ambao mashabiki huuita kwa kifupi mkanda mwekundu. Ulianza kushindaniwa mwaka 2011, mwaka uleule ambao Stardom ilifanya onyesho lake la kwanza jijini Tokyo, na bingwa wa kwanza akawa Nanae Takahashi. Wekundu wake una asili: shirika la All Japan Women, lililofungwa mwaka 2005, nalo lilikuwa na mkanda mwekundu uliopita viunoni mwa Bull Nakano, Aja Kong na Manami Toyota, na mkanda mweupe uliofuata kwa hadhi. Stardom imeurithi mpangilio huo, na hivyo kila bingwa mpya hupimwa kwa majina hayo makubwa.

Matokeo ya mieleka hii hupangwa, na asiyeipenda atauliza thamani ya ubingwa wa aina hiyo iko wapi. Mimi naiona katika gharama anayobeba anayeshindwa, na katika mwili wa anayeshinda. Pambano la tarehe 12 Juni 2021 kati ya Utami Hayashishita, aliyekuwa bingwa, na Syuri, ambaye aliwahi kupigana UFC, shirika la Marekani la mapigano ya kweli yasiyopangwa, ndilo ushahidi wangu mkubwa. Ulikuwa wakati wa korona na watazamaji walikatazwa kushangilia kwa sauti, kwa hiyo kilichobaki ni makofi yao; kila teke la Syuri linalotua kifuani mwa mwenzake husikika lilivyo, na pumzi zao vilevile. Wanapigana kwa zaidi ya dakika 40, hadi wote wawili wanalala chini na hakuna anayeweza kuinuka kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu. Kwa kawaida sare huudhi, hasa ukiwa umetoa fedha zako. Sare hii haikuudhi hata kidogo, maana iliacha deni ambalo kila mtu alitaka kuona likilipwa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 27 Aprili 2025, katika ukumbi wa Yokohama Arena, Saya Kamitani aliutetea mkanda huo dhidi ya Tam Nakano kwa sharti kwamba atakayeshindwa ataacha mieleka moja kwa moja. Nakano alishindwa, akastaafu. Huyu alikuwa mmoja wa nyota waliopendwa kuliko wote katika shirika, bingwa wa zamani wa mkanda huohuo, na shirika lilikubali kumpoteza ili uzito wa pambano usiwe wa maneno matupu. Ni mashirika machache sana duniani yenye ujasiri huo.

Kasoro zipo. Malipo ya kila mwezi hayakupi kila kitu papo hapo, kwa kuwa maonyesho makubwa, ambayo ndiyo mara nyingi huwa na mapambano ya mkanda huu, huuzwa kando. Maelezo mengi ni ya Kijapani, na mgeni atachelewa kuelewa nani anamchukia nani na kwa nini. Aidha, ukali wa mchezo wenyewe huwadhuru mabingwa: mwaka 2017 Mayu Iwatani aliupoteza mkanda kwa Toni Storm baada ya kuumia mkono na mwamuzi kulazimika kusimamisha pambano, na mwaka 2023 Nakano aliuachia kwa sababu ya jeraha la goti. Kwa maoni yangu shirika lina wajibu wa kupunguza ratiba ya bingwa, kwa sababu hakuna onyesho linalostahili kulipwa kwa goti la mtu.

Kwa anayeanza, nashauri asianzie na maonyesho ya wiki hii. Aanze na lile pambano la Juni 2021, kisha atazame marudiano ya tarehe 29 Desemba mwaka huohuo katika ukumbi wa Ryogoku Kokugikan, ambako Syuri alimshinda Hayashishita na kuuchukua mkanda. Atazame yote mawili kwa ukamilifu, kwa mfuatano huo, bila kurukia dakika za mwisho.