Isuzu D-Max ya kebini moja: tulicholipia na tulichoacha
D-Max, pikapu ambayo huunganishwa hapa Nairobi, tuliichagua ya kebini moja, kwa kuwa kazi yake ni kuleta viazi soko la Marikiti kutoka Kinangop, na kebini mbili zingepunguza nafasi ya magunia. Viti vya ngozi na rimu za alumini tulivikataa. Fedha hizo tuliziongeza kwenye mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, uamuzi nisioujutia hata kidogo, maana wakati wa masika, matope yalipofika nusu ya gurudumu, nilizungusha kitufe kilicho karibu na gia, gari likajikokota polepole hadi likatoka bila kusukumwa na mtu. Bitana ya plastiki ya sehemu ya mizigo ndiyo ningeiagiza mapema, kwani sepetu ilichubua rangi wiki ya kwanza.