Rampu ya zege au ya kubebeka: ipi itafaa duka lako?

Wenye maduka hapa Kisumu huniuliza hili kila mara: nikiajiri keshia anayetumia kiti cha magurudumu, nijenge rampu (njia ya mteremko ya kupandia ngazi ya mlangoni) ya zege au ninunue ya kubebeka?

Kwa gharama, ya kubebeka ina nafuu. Fundi wa jua kali ataichomelea, na ukihama unaondoka nayo. Zege linataka saruji, kokoto, siku za kukauka na ruhusa ya mwenye nyumba. Likifika hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi ya umma kando yake, utahitaji pia ruhusa ya wanaoisimamia barabara hiyo.

Ila pima ngazi kwanza. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kimo 1 kwa urefu 12: ngazi ya kimo cha sentimita 15 inadai rampu ya urefu wa sentimita 180. Chuma cha urefu huo ni kizito, mtu mmoja hakiwezi kila asubuhi.

Kinachoniuma zaidi ni hili. Niliwahi kumkuta keshia mlangoni saa saba mchana, chakula mapajani kikipoa, akimngoja mlinzi aje aitandike rampu. Msalani vilevile, mpaka aombe. Hapo zege linashinda kabisa. Anatoka na kuingia apendavyo.

Matunzo si kazi kubwa: chuma rangi dhidi ya kutu, zege ufagio wa matope mvua ikinyesha. Usilisakafie likawa laini, litateleza.

Kama umepanga kwa muda na ngazi ni fupi, chukua ya kubebeka, lakini itandikwe tangu kufungua hadi kufunga. Kama jengo ni lako, mwaga zege.