Periquita, mvinyo wa chini ya euro tano: chupa moja, siku tatu

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Baba mdogo ana ekari mbili za zabibu kule Hombolo, na tangu darasa la tano najua kuibana punje kwa vidole nikatambua kama imeiva kweli au inadanganya kwa rangi tu. Kwa hiyo nilipohamia Setúbal, kusini mwa Lisbon, Ureno, nilijiona mjuzi. Ujuzi wenyewe ulinivuka mwaka wa kwanza tu, nilipokuwa nikiokota chupa za euro moja na nusu kwenye duka moja la pembeni ambalo silitaji jina. Zilikuwa zimepangwa dirishani, jua likizipiga kutwa. Ukifungua unakutana na harufu ya jamu iliyoungua sufuriani.

Sasa hii. Periquita nyekundu ya mwaka 2022, euro 4 na senti 79, asilimia 13 ya kilevi. Jina maana yake ni kasuku mdogo. Wanaoutengeneza ni José Maria da Fonseca wa Azeitão, karibu kabisa na ninapoishi, na wanautengeneza tangu 1850. Jina walilitoa kwenye shamba lao, Cova da Periquita, kisha likahamia hata kwenye zabibu yenyewe: Castelão, ambayo wenyeji wengi wanaiita periquita vilevile. Castelão ndiyo inayotawala humu, ikisaidiwa na aina nyingine mbili za zabibu, Trincadeira na Aragonez.

Siku ya kwanza niliufungua saa kumi na mbili jioni, Julai, joto la sebuleni haliongeleki. Nikamimina, nikanusa. Zambarau. Si zambarau mpya za kwenye sinia, bali zile zilizolainika kidogo, ambazo ukila unatembea na ulimi mweusi mpaka kesho. Nyuma yake kulikuwa na harufu ya ubao na vanila kwa mbali, kwa sababu mvinyo huu unapitia mapipa ya mbao. Hapo nikafurahi. Nilipokunywa, furaha ikapungua: kilevi kilitangulia mbele, kikaniwasha kooni, halafu ukaja ukakasi ulioshika fizi kama chai iliyosahauliwa na majani yake jikoni. Nikajisemea, hii ni tano kwa kumi, na hapo nimeihurumia.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama mtu mzima aliyezaliwa mtaa huuhuu, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Hakuuliza kitu. Aliiwekea chupa kiganja kama unavyompima mtoto paji la uso, akaniambia, "Filha, huyu ana homa." Filha ni binti. Akaiingiza kwenye friji mwenyewe, akakaa kusubiri. Wakati tunasubiri nikamweleza kwamba kwetu Kiswahili nacho kilichukua kwa Wareno: vinho ikawa mvinyo, mesa ikawa meza, copo ikawa kopo. Alicheka, akaigonga meza yangu, "Meza! Meza!" Kilichomshangaza zaidi ni kusikia kwamba Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Kwao ni mara moja, mwisho wa kiangazi, basi. Nadhani hakuniamini.

Baada ya dakika kama ishirini na tano akaitoa. Jamani, ulikuwa mvinyo mwingine. Kilevi kilirudi nyuma kikakaa kwa adabu, zambarau ikasogea mbele, na uchachu wake, ambao mwanzoni niliuona kero, ukawa ndio unaokufanya uinue tena glasi. Ukakasi ulibakia, lakini wa kiasi, kama wa ganda la zabibu ukilitafuna lenyewe. Huu ubaridi ndio jambo kubwa nililojifunza. Mvinyo mwekundu mwepesi wa bei hii usiuache kwenye joto la Julai eti kwa sababu mwekundu hauwekwi friji.

Siku ya pili niliupeleka kwenye chakula. Jirani alichoma mbavu za nguruwe barazani kwake, chumvi ya mawe na kitunguu saumu tu, mimi nikaleta chupa. Mafuta yale na uchachu huu vimeoana. Akaleta na jibini ya Azeitão, ya maziwa ya kondoo, ile inayogandishwa kwa ua la mbaruti, unakata juu kama kifuniko unachota kwa kijiko. Inanuka zizi, ina uchungu kidogo mwishoni, na mvinyo unaupokea uchungu ule vizuri ajabu. Ila tuligombana kuhusu samaki. Yeye hunywa Periquita na sardini za kuchoma bila wasiwasi. Mimi nikijaribu naona ladha ya chuma, kama nimelamba sarafu. Kila mtu na ulimi wake, lakini mimi samaki sirudii.

Siku ya tatu kilichobaki, kama robo chupa, kilikuwa kimelala friji na kizibo chake. Zambarau imekwenda, umebaki uchachu mtupu. Nikaumimina kwenye kikaango cha maini na vitunguu, ukakaukia humo, na ugali ule uliisha mapema kuliko kawaida.

Niwe mkweli kwa ndugu zangu waliozoea mvinyo mtamu wa nyumbani: huu hauna utamu hata chembe, na ukiunywa peke yake bila chakula mtaniona mwongo. Kwa chakula, ukiwa umepoa, naupa saba na nusu. Kwa chini ya euro tano sijapata ninaopenda zaidi. Nimeshanunua mbili nyingine. Moja nitampelekea baba mdogo Desemba, na sitamwambia bei mpaka ameze.