Jero au nusu dola: sarafu ipi ya kujifunzia kiinimacho?

Mafunzo mengi ya kiinimacho cha sarafu huchukulia kwamba mfukoni mwako mna nusu dola ya Marekani: milimita 30.6 kwa upana, gramu 11.34, meno 150 kwenye ukingo. Mtu wa Dodoma au Nakuru anajaribu mbinu ileile kwa sarafu ndogo, inamponyoka, na anajiona ana mkono mzito. Mara nyingi tatizo ni sarafu. Tathmini hii ni ya yule aliyekwisha kuvuka hatua ya kwanza, anayetaka sasa kuficha, kuhamisha na kurusha bila kubahatisha.

Tuanze na jero, yaani sarafu ya 500 ya Tanzania iliyotoka 2014, Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Ni chuma kilichopakwa nikeli, milimita 27.5, gramu 9.5. Unahitaji nne zinazofanana, ambazo ni shilingi 2,000, na ukichoka nazo unanunulia soda. Hakuna kifaa cha kiinimacho kinachorudisha fedha yako namna hiyo.

Mtihani wake mgumu ni kuficha katikati ya kiganja. Sarafu inalala juu ya ncha za kidole cha kati na cha pete; unakunja vidole hivyo viwili na kuisukuma hadi ukingo mmoja uegemee nyama ya chini ya kidole gumba, na ukingo wa pili uegemee nyama ya upande wa kidole cha mwisho. Kisha unanyoosha vidole, na sarafu inabaki. Inashikwa na mikunjo ya ngozi, kwa nguvu ndogo sana. Nusu dola inaziba pengo hilo lenyewe. Jero imepungua milimita 3 hivi, kwa hiyo kidole gumba hulazimika kuingia ndani zaidi, na hapo mkono hukakamaa kama wa mtu aliyeficha kitu, jambo ambalo kweli analifanya! Dawa ni kuisogeza jero juu kidogo, karibu na mizizi ya vidole, na kukunja vidole kidogo badala ya kuvinyoosha kabisa. Mkono ulionyooka mno si wa kawaida hata ukiwa mtupu. Jipime hivi: sarafu ikiwa kiganjani, andika jina lako, shika kikombe, piga makofi mepesi ya vidole. Ikidondoka wakati wa kuandika, unaibana kwa gumba badala ya kiganja.

Hali ya hewa ina neno hapa. Jasho la Dar au Mombasa linasaidia nikeli kushika, hadi pale linapozidi na sarafu kuteleza. Futa kwa leso kavu. Nairobi ya Julai ngozi hukauka, na losheni kidogo sana, iliyokwisha kunyonywa na ngozi, inatosha.

Jero inapoishinda nusu dola iliyochakaa ni kwenye upotezaji wa kumwachia mtazamaji taswira. Mkono wa kulia unashika sarafu kwa ukingo, kati ya gumba na kidole cha shahada, na kuilaza kwenye kiganja cha kushoto. Vidole vya kushoto vinaanza kufunga kwa mpangilio, kuanzia kile cha mwisho. Sarafu inapofichwa na vidole hivyo, na si kabla, unaivuta nyuma ya vidole vya kulia. Jicho linabaki na ule mng'aro wa mwisho na kuapa kwamba sarafu imeingia. Nikeli mpya inang'aa vizuri sana kwa kazi hii. Wengi huharibu kwa haraka: wanavuta mapema, sarafu inaonekana ikitoka. Wengine wanatazama mkono wa kulia, na watu hutazama unakotazama wewe. Macho yaende na ngumi ya kushoto.

Kwa kuhamisha kati ya mikono, ambapo sarafu moja inajificha huku pacha wake akionyeshwa kama ndiye yeye, jero ni nzuri kiasi. Chuma kina mlio mkali, kwa hiyo pacha wakigusana mtu wa mbele anasikia. Mikono igeuke kwa wakati mmoja, mmoja ukielekea chini na mwingine ukifunguka juu. Ukichelewesha mmoja, mtazamaji anaona mikono miwili badala ya tendo moja. Kumbuka pia kwamba jero hunaswa na sumaku. Kifuniko cha simu chenye sumaku kikiwa mfukoni, sarafu inaweza kung'ang'ania huko unapoihitaji.

Sarafu ya 20 ya Kenya (milimita 26, gramu 9) inafaa mikono midogo na kuficha kwenye mkunjo wa vidole, ila kwa kuficha katikati ya kiganja ni ndogo mno. Ile ya 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Kibaki, ni kubwa kidogo na nzuri zaidi, lakini kupata nne ni kazi. Hamsini ya Tanzania achana nayo: ina pembe saba, haiviringiki juu ya vidole, na pembe zinauma.

Nusu dola basi inunuliwe lini? Unapofika kwenye kurusha kwa msuli, yaani sarafu kuruka kutoka kiganjani kwa kubanwa ukingoni hadi ichomoke. Jero ina upana mdogo, msuli unafunga kabla nguvu haijakusanyika, na inaruka kwa uvivu. Nusu dola yenye meno inaumana na ngozi. Anza kiganja kikitazama chini, kisha kwa ubavu, mwisho kuelekea juu. Ngozi ikiwa nyekundu, acha hadi kesho.

Usilipie bei ya duka la vifaa vya kiinimacho. Ndugu aliye Marekani aulize dirishani benki: bunda la sarafu 20 ni dola 10 kamili. Zile za 1964 kurudi nyuma zina madini ya fedha kwa asilimia 90, gramu 12.5, na zikichakaa hugongana kwa sauti ya chini; hizo huuzwa kwa bei ya madini, na kwa mwanafunzi hazina ulazima.

Ukitaka michezo ya rangi mbili, tafuta kwa wauza vitu vya kale senti 10 ya Kenya ya enzi za Mzee Kenyatta. Ni ya njano na inakaribia sana upana wa nusu dola, kwa hiyo kiganja hakihitaji kujifunza upya.