Uzoefu wangu na mashine ya NIR ya kupima nafaka, miezi minane sasa

Naandika kama mtu aliyekaa na Kjeldahl, njia ya maabara ya kupima protini, miaka mingi, ile ya kuchemsha sampuli kwenye asidi ya salfuriki kali kwenye nyuzi 400 hivi, unasubiri ipoe, unaweka kostiki, unakeneka amonia, ndo unataitreti, yaani siku inaisha hivihivi na mafusho yake. Njia ya tangu 1883 na bado ndo tunayoiamini kuliko zote.

Hii NIR unamimina punje nzima, husagi, hugusi asidi, mwanga wa infraredi unapita, chini ya dakika moja una unyevu, protini, wanga na mafuta. Kwa ngano nimeipenda mno, nililinganisha na Kjeldahl wiki ya kwanza yote na tofauti ya protini haikuzidi asilimia 0.3.

Mtama sasa. Kila sampuli protini inasoma chini karibu asilimia moja nzima, nikasafisha lenzi, nikarudia, nikabadilisha kikombe, wapi. Nilishaanza kuichukia mashine kumbe haina kosa! Kjeldahl haipimi protini jamani, inapima naitrojeni halafu wewe ndo unazidisha, na aliyetutengenezea kalibresheni ya mtama, yaani hesabu ambayo mashine inatumia kugeuza mwanga kuwa namba, alizidisha kwa 5.7 ambayo ni ya ngano, wakati mtama na mahindi tunatumia 6.25. Chukua naitrojeni asilimia 1.6, kwa 5.7 unapata 9.1, kwa 6.25 unapata 10. Punje ni zilezile! Mashine inarudia tu ilichofundishwa, ukiifundisha makosa itakupa makosa kwa sekunde 40 na utayaamini kwa sababu yako kwenye skrini. Iliniuma maana kuna ripoti zilishatoka, ikabidi tuwapigie watu mmoja mmoja. Walivyorekebisha ikakaa sawa.

Sampuli iliyotoka kwenye friji usiipime hapohapo, iache ifikie joto la chumba kwanza, la sivyo unyevu unayumba.

Ningeinunua tena, ila kama huna Kjeldahl au Dumas (ile ya kupima naitrojeni kwa kuchoma sampuli) ya kuihakiki, au maabara ya kupeleka sampuli chache kila mwezi, bora usubiri. Na majivu, yaani madini yanayobaki sampuli ikiungua, bado napima kwa kuchoma kwenye tanuri nyuzi 550, madini yenyewe hayaonekani kwenye infraredi, mashine inakisia tu kupitia vitu vingine, kwa hiyo ile namba yake ya majivu huwa siiandiki kwenye ripoti.