Uzoefu wangu: seti ya plastiki ya kuunga behewa la makaa ya mawe, ikiungwa Tabora

Seti niliyoinunua ni ya kuunga modeli ndogo ya behewa la wazi la makaa ya mawe la British Railways, shirika la reli la taifa la Uingereza, lile la tani 16 lenye ekseli mbili na kuta za chuma, ambalo katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia liliundwa kwa wingi hata idadi yake ikapita 200,000. Jina la kampuni iliyotengeneza seti nimeliacha makusudi, kwa kuwa sifa na kasoro nitakazozieleza nimezikuta, kwa kiasi kikubwa au kidogo, katika seti nyingine za plastiki za jamii hii. Hukumu yangu naitoa mapema: anayeipima seti hii kwa kutazama kuta na milango yake ataiona ni ya kawaida tu, lakini anayeigeuza miguu juu na kuikagua chini ya sakafu ataona fedha yake imekwenda wapi, na pia wapi haikufika.

Kabla mtu wa Tabora au Kigoma hajaagiza, kuna hesabu ya kufanya. Reli ya Kati ya Tanzania, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, pamoja na tawi la Mwanza lililokamilika mwaka 1928, ina upana wa milimita 1,000. Seti hii iko katika kipimo cha 1:76 na magurudumu yake hupita kwenye reli ya milimita 16.5, ambayo ikikuzwa mara 76 inakaribia milimita 1,254, yaani si reli yetu wala si reli ya Uingereza ya milimita 1,435. Waingereza walikubaliana na ulemavu huo zamani, kwa sababu mota za wakati ule zilikuwa kubwa mno kuingia katika injini zao ndogo zikiundwa kwa 1:87, hivyo wakakuza miili ya treni na kuacha reli ilivyo. Anayetaka kuiga Reli ya Kati kwa uaminifu atafute kipimo cha 1:87 chenye reli ya milimita 12, kile kinachotumiwa na watengenezaji kama Bemo kwa treni za milimani za Uswisi, ambazo nazo hupita kwenye reli ya mita moja. Na mwenye kupenda SGR inayojengwa kupita hapa kwetu amebahatika kuliko sote, kwani 1,435 ikigawanywa kwa 87 inaleta 16.5 bila kuhitaji msamaha wowote.

Mimi nililichagua behewa la Uingereza kwa sababu sijapata seti ya behewa la Reli ya Kati inayouzwa popote, na kwa sababu behewa la ekseli mbili ni somo zuri kwa anayekusudia baadaye kuunda la bogi, yaani lenye vigari vya magurudumu vinavyogeuka chini yake, kwa mikono yake mwenyewe.

Ndani ya boksi mna fremu za plastiki ya kijivu zinazoshikilia vipande, magurudumu ya chuma yaliyokwisha kufungwa kwenye ekseli, vikombe vidogo vya shaba vya kufanyia kazi ya beringi, karatasi ya maelekezo na karatasi ya stika za maji, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa. Gundi na rangi havimo, na huo ndio ugumu wa kwanza kwa tunaoagiza kutoka mbali, kwa kuwa gundi ya kuyeyusha plastiki ni kimiminika kinachoshika moto na wauzaji wengi hawakubali kuisafirisha kwa ndege. Gharama ya kusafirisha seti moja ilizidi bei ya seti yenyewe, kwa hiyo ushauri wangu ni kuagiza kadhaa kwa pamoja, au kumtuma ndugu anayesafiri.

Kuhusu gundi, niseme wazi kwamba gundi ya mabomba inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi haifai, ingawa nayo huyeyusha plastiki, kwa sababu ni nzito na hufunika ribiti ambazo ndizo uzuri wa kuta. Supa gluu nayo huacha ukungu mweupe pembeni mwa kiungo, na haimpi fundi nafasi ya kusogeza kipande kilichokaa upande. Kilichonifaa ni kiyeyushi chepesi kama maji, kinachopakwa kwa ncha ya brashi nyembamba kwenye mstari wa kiungo baada ya vipande kukutanishwa, nacho hujipenyeza chenyewe. Katika joto la Tabora la mwezi wa Septemba na Oktoba kiyeyushi hicho hukauka kabla hakijafika mwisho wa kiungo, hivyo kazi ya gundi niliihamishia asubuhi na mapema, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya mvuke wake.

Sasa niingie chini ya sakafu. Umbali kati ya ekseli mbili za behewa halisi ni futi 9, ambazo katika kipimo hiki ni milimita 36, na urefu wa fremu ni futi 16 na inchi 6, yaani milimita 66. Nilivipima vyote viwili kwa kalipa na vikakubali. Mihimili miwili ya pembeni imeungwa moja kwa moja na springi, masanduku ya ekseli na vishikio vyake, na mchongaji wa kalibu alifanya kazi ya kujivunia, kwa kuwa majani ya springi yanahesabika kwa macho. Vikombe vya shaba huingizwa nyuma ya masanduku hayo, na ekseli yenye ncha kali kama sindano, urefu wa milimita 26, hukaa kati ya vikombe viwili na kuzunguka kwa kugusa mahali padogo mno. Mfumo huo ukifungwa sawasawa, behewa likisukumwa kwa pumzi linakwenda.

Tatizo ni hilo la kufungwa sawasawa. Matundu ya vikombe yalikuwa na kina pungufu kidogo, na maelekezo hayasemi lolote, hivyo anayefuata karatasi tu ataona mihimili imetanuka kwa nje na fremu imekaa kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Niliongeza kina kwa kuzungusha ncha ya kekee kwa vidole, taratibu, nikijaribu ekseli kila baada ya mizunguko michache, mpaka ilipozunguka kwa uhuru bila kucheza kushoto na kulia. Mhimili wa kwanza niliuacha ukauke kabisa. Wa pili niliuunga magurudumu yakiwa ndani na fremu ikiwa juu ya kipande cha kioo, ili magurudumu yote manne yaguse kabla gundi haijashika. Kioo hicho nilikatiwa na fundi wa madirisha kutoka katika mabaki yake, na sijui kifaa cha bei ndogo zaidi chenye faida kubwa zaidi katika kazi hii.

Breki ndiyo sehemu niliyoona mtengenezaji amechoka. Viatu vya breki vipo na mkono wa breki upo kila upande, kama sheria za Uingereza zilivyotaka, ila vyuma vinavyounganisha mkono na viatu vimeishia hewani, na nyaya za usalama chini yake hazipo kabisa. Nilimwonyesha modeli hiyo mzee mmoja jirani yetu, mstaafu aliyekuwa mkaguzi wa mabehewa hapa Tabora. Baada ya kuitikia shikamoo yangu hakutazama rangi wala namba, aliigeuza, akaisogeza karibu na macho, akaniuliza: «Mwanangu, hiki kiatu kinavutwa na nini?» Sikuwa na jibu, kwa sababu boksi halikuwa nalo.

Kwa hiyo nyongeza zangu zote zilianzia hapo. Waya mmoja wa shaba kutoka ndani ya kebo ya mtandao wa kompyuta una unene wa takriban milimita 0.5, ambao katika behewa halisi ungekuwa chuma cha milimita 38, unaofaa kwa vyuma vya kuvutia breki. Kwa mishikio ya kupandia ulikuwa mnene mno, na huko nilitumia nyuzi za waya laini wa umeme, mbili zikisokotwa na kunyooshwa kwa kuvutwa kati ya koleo mbili. Nyaya za usalama zilitoka katika uzi mmoja tu. Vipande hivi nilivishika kwa supa gluu iliyochotwa kwa ncha ya sindano, hapo ikiwa ndiyo gundi sahihi, kwani kiyeyushi cha plastiki hakifanyi lolote kwa shaba.

Uzito nao haumo ndani ya boksi. Behewa lililokauka ni jepesi kiasi cha kuruka reli likikutana na kiungo kibaya, na kanuni wanayoifuata waundaji wengi wa kipimo hiki ni gramu 25 kwa kila ekseli, yaani gramu 50 kwa behewa hili. Mafundi wa matairi wana vipande vya risasi walivyovitoa kwenye rimu za magari, nao hawavithamini. Niliviponda vikawa bapa na kuvilaza sakafuni, chini ya shehena. Hapa pana tahadhari: risasi isigandishwe kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa maana gundi hiyo huila polepole, na unga mweupe unaotokea huvimba hadi kupasua modeli baada ya miaka. Nilitumia gundi ya epoksi, kisha nikanawa mikono kwa sabuni, maana risasi ni sumu.

Kuta hazinihitaji maneno mengi. Zinakutana vizuri pembeni, ribiti ziko sawa, milango inasomeka. Kasoro pekee yenye uzito ni alama za mviringo zilizoachwa na kalibu upande wa ndani, ambazo kwa behewa la wazi haziwezi kufichika isipokuwa kwa shehena au kwa msasa. Bafa, yaani vile vichwa vya kupokea mgongano kwenye ncha za behewa, ni za plastiki na vichwa vyake ni vinene. Nitakapoagiza tena nitaongeza za chuma. Ikumbukwe pia kwamba bafa mbili za pembeni ni alama ya reli za Ulaya, Uingereza ikiwemo, ilhali mabehewa yetu ya reli ya mita yana kiunganishi kimoja cha katikati, kwa hiyo hata seti hii ikipakwa rangi yoyote haitageuka kuwa behewa la hapa.

Hilo lilinisaidia kuamua jambo la rangi. Wapo watakaotaka kulipaka vumbi letu jekundu, lililochekechwa kwa kitambaa, nalo ni vumbi zuri sana kwa kazi hii. Lakini behewa lililochimbuka katika machimbo ya makaa ya Uingereza halikuwahi kuliona. British Railways ilipaka kijivu mabehewa yasiyokuwa na breki ya treni nzima, ile inayoendeshwa kutoka kwenye injini, na rangi ya hudhurungi iliyokolea yale yaliyokuwa nayo. Langu ni la kijivu. Kwanza nilipaka praima, halafu rangi ya kutu, kisha nikalowesha kuta kwa maji na kunyunyiza chumvi ya Uvinza, nikiipendelea ya punje kubwa isiyosagwa sana, kwa sababu punje zake zina ukubwa tofauti na hivyo haziachi madoa yanayofanana. Chumvi ilipokauka nilipuliza kijivu juu yake, na siku iliyofuata nikaisugua chini ya maji. Kila punje iliyobanduka iliacha kidonda cha kutu chenye kingo za kuaminika. Reli yetu inapita Uvinza kwenyewe, kwa hiyo niliona Reli ya Kati imepata mahali pake katika behewa hili bila kusema uongo.

Stika za maji ni bora kuliko nilivyotarajia: maandishi yanasomeka chini ya lenzi, namba inaanza na herufi B kama inavyotakiwa, na ngozi yake ni nyembamba. Kuna pia mstari mweupe wa mshazari ambao karatasi ya maelekezo inauonyesha bila kuueleza. Si pambo, bali huwaonyesha wafanyakazi ni ncha ipi yenye mlango wa kufunguka wakati behewa linapoinuliwa kumwaga makaa. Anayeubandika kinyume ameandika maelekezo ya hatari, hata kama ni kwa kipimo cha 1:76.

Shehena nilitengeneza kwa mkaa wa kawaida wa jikoni, uliopondwa na kuchekechwa mara mbili ili kuondoa unga na vipande vikubwa, ukamwagwa juu ya kadibodi iliyokatwa kwa umbo la ndani. Gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji haipenyi mkaa mkavu mpaka itiwe tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kadibodi ile huitenga gundi na risasi iliyo chini, nayo hutoka ikihitajika, ili mzee wa ukaguzi aweze kuona sakafu.

Behewa linakwenda vizuri. Kwenye ubao wenye mteremko mdogo linaanza kutembea lenyewe na kufika mwisho bila kutikisika, jambo ambalo behewa langu lililonunuliwa likiwa limekamilika kiwandani, kwa bei inayokaribia mara mbili, halifanyi. Ningependekeza seti hii kwa mwenye subira, mwenye kisu kikali, tupa ndogo na kibano cha ncha nyembamba, na aliye tayari kutafuta waya wake mwenyewe. Kwa mtoto wa shule ya msingi siipendekezi, kwa sababu ya kiyeyushi na risasi, isipokuwa akae na mtu mzima. Ninayoagiza sasa ni mbili za aina hiyohiyo, pamoja na bafa za chuma na vikombe vya ziada vya shaba, kwani vile vya ndani ya boksi vilihesabiwa kamili na kimoja kikidondoka kwenye sakafu ya saruji hakionekani tena.